Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Kama umewahi kupita mtaani kwetu ukaona miguu miwili imechomoza chini ya nyumba, na sauti ikatoka humo gizani ikiuliza, "Jamani, nani anamwaga maji ya kufulia hapa?", basi umeshakutana na shemeji yangu. Sura yake utaiona akitoka, na usitegemee makubwa, maana itakuwa imejaa matope.

Ni mume wa dada yangu. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, limeandikwa kwenye cheti cha ndoa, na dada hulitumia siku akikasirika tu. Siku nyingine zote yeye ni Uvungu, kwa mkewe, kwa wanawe, kwa mwenye duka, hata kwa daktari. Nyumba za zamani hapa kwetu zimeinuliwa kutoka ardhini, kwa sababu mvua ya hapa ikija haipiti, inahamia. Waliojenga walisimamisha nguzo fupi za matofali, wakalaza boriti juu yake, wakapigilia mbao za sakafu, kisha wakazungushia ukuta mfupi chini pande zote, wenye matundu ya hewa na kimlango kimoja cha kuingilia. Kati ya udongo na mbao ikabaki nafasi ya mtu kutambaa kwa tumbo. Mafundi wengine wanapenda kazi za juu, kwenye mabati, wanakoonekana na wapita njia. Yeye akachagua huko chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nilimwambia siku alipokuja kumposa dada, ila wewe shemeji umepitiliza, wewe umelala kabisa.

Alicheka. Huyo mtu humkasirishi hata umtie pilipili machoni. Hasira zote za ukoo huu nilipewa mimi.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko barazani kwa Mama, na kwa kuwa ninaishi na Mama na niko karibu, mara nyingi mimi ndiye ninayemshikia tochi Uvungu akija kukagua nyumba ya Mama au za majirani. Kwa hiyo kazi yake naijua. Akishaingia kwenye kile kimlango cha chini, hataki mwanga kwanza. Analala kimya, ananusa. "Pua kwanza, tochi baadaye," husema. Akinusa harufu ya gunia bichi, ndipo anaomba tochi na bisibisi yake ndefu, anaanza kuchoma boriti moja moja. Boriti nzima inaikataa bisibisi. Iliyooza inaipokea kama ndizi mbivu.

Akitoka huanza mahubiri, na mahubiri yake nayajua kama nyuzi zangu. Udongo unapumua, atakwambia, na pumzi yake ni maji, yanapanda mpaka kwenye mbao. Kwa hiyo utandike nailoni nzito juu ya udongo wote, kona mpaka kona. Maji ya paa yapelekwe mbali na ukuta. Matundu ya hewa yatazamane, upepo uingie huku utokee kule, na yawe na wavu wa kuzuia panya. Mtu akimjibu kwamba matundu yake yako wazi na bado mbao zinaoza, anamwambia kwa upole, "Mzee wangu, wiki za mvua hata hewa ya nje imeloa. Kufungua matundu bila kufunika udongo ni kuanika nguo huku unazimwagia maji." Hao hao aliowafunika udongo mwaka jana utawakuta mwaka huu wameegemeza kuni na madebe kwenye matundu. Yeye anayaondoa moja moja, hasemi neno. Maneno nayasema mimi.

Sasa huyo Uvungu, asiyeogopa nge wala giza, alikuwa na kitu kimoja anachokiogopa chini ya jua, nacho ni mama yangu. Si kwa ubaya. Mama anampenda kuliko anavyotupenda sisi, na hafichi. Lakini mbele ya Mama anakuwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Kiti anakalia ncha tu. Maji akipewa, anashika bilauri kwa mikono miwili. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na bado akiagana na Mama anatoka kinyumenyume mpaka ajigonge mlangoni.

Kila mwaka kabla ya mvua alikuwa anakuja kukagua nyumba ya Mama. Anaingia kwa kimlango cha upande wa jikoni, namwona akiyoyoma huko ndani, baada ya muda anarudi na kusema, "Nilikopita ni kuzima, Mama." Mama anamwombea dua, anakunywa chai yake, anajigonga mlangoni, anakwenda.

Mwaka jana, katikati ya mvua, Mama akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, cha asubuhi. Chumba chake kikawa na harufu, na mimi nikafua mapazia, nikaanika magodoro, nikapiga deki kwa sabuni mpaka mikono ikachubuka. Harufu iko pale pale. Uvungu alikuwa safarini na kazi ya wiki tatu. Kabla hajarudi, asubuhi moja nikasikia Mama anapiga ukunga. Nikakimbia. Mguu mmoja wa kitanda ulikuwa umezama kwenye sakafu, kitanda kimeinama, na Mama yuko juu yake kichwa chini miguu juu, ameng'ang'ania ubao wa kitanda. "Nimezama!" anapiga kelele. "Nitoe, unanitazama nini!"

Nikacheka kabla sijamtoa. Mungu anisamehe. Nilipomtoa na kuutazama ule ubao, kicheko kikaisha. Nilibonyeza kwa kidole na kidole kikaingia.

Kaka yetu mkubwa akaja siku ya pili yake. Yeye anakaa mji mwingine, ghorofa ya tatu, ana kazi ya ofisini na tumbo la ofisini. Alipita vyumba vyote akikanyaga sakafu kwa kisigino, akatia kidole kwenye ubao kama nilivyotia mimi, akakipangusa kwa leso.

"Mama hakai humu tena," akasema. "Jumamosi naleta gari. Nyumba iuzwe, anayeinunua aivunje."

"Na mimi niuzwe na nani?" Mama akauliza.

"Mama, unakohoa. Sakafu imekuangusha. Unataka nikuzike ndiyo uamini?"

Nikaingilia. Nilimwambia yale niliyomwambia, mengine hayaandikiki. Mwishoni tukakubaliana jambo moja: Uvungu akirudi akague. Akisema boriti zinaweza kutengenezwa, Mama abaki. Akisema mambo yameharibika, Jumamosi gari linakuja.

Kaka alipoondoka, Mama alikuja kukaa karibu na cherehani yangu. Alikuwa ananyoosha vipande vya nguo ambavyo havikuhitaji kunyooshwa. "Huko kwa kaka yako watanipa chumba kizuri," akasema. "Watanipa kila kitu. Lakini sitaki kuwa mgeni katika uzee wangu, mwanangu. Hapa hata gizani najua pa kuweka mguu." Mama yangu halii ovyo. Siku hiyo alilia, na mimi nikashona mkono wa gauni la watu kinyume.

Uvungu akarudi Jumatano. Hata mkoba hakuutua nyumbani, alikuja moja kwa moja. Akaingia kwa kimlango cha jikoni na mimi nimeshika tochi. Nikamsikia akijiburuta, akipita chini ya sebule. Kisha kimya. Nikasubiri. Halafu nikasikia akijiburuta kurudi.

"Umemaliza?"

"Nimefika mpakani," akasema, kichwa tu kikiwa nje.

"Mpaka gani?"

Akawa anachezea bisibisi.

"Shemeji, mpaka gani? Chini ya nyumba kuna nchi ngapi?"

"Ile nguzo ya tano," akasema polepole. "Ng'ambo yake ni chumba cha Mama."

"Ndiyo! Ndiko kwenye ugonjwa! Pita!"

"Sijawahi kupita."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia. Miaka ishirini na sita, kila mwaka, alikuwa anafika kwenye nguzo ya tano, anageuza, anarudi na kusema alikopita ni kuzima. Robo nzima ya nyumba haijawahi kuona tochi yake.

"Shemeji, nitalalaje chali chini ya kitanda cha mama mkwe wangu?" akasema. "Natazama juu, halafu?"

"Juu kuna mbao!"

"Na juu ya mbao?"

"Kuna godoro, mwendawazimu wee! Kuna mama wa watu anakohoa!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikakumbuka Jumamosi, nikataka kumpiga na tochi. Yeye hakucheka. Alikuwa amejiinamia pale kwenye kimlango, macho mekundu. "Ningepita mwaka mmoja tu," akasema. "Mmoja tu, ningeokoa sakafu. Aibu yangu ndiyo inayomtoa Mama nyumbani kwake." Hasira yangu ikayeyuka. Nikamwambia nenda kamwombe ruhusa mwenyewe, mwenye chumba yupo.

Akanawa uso. Akavaa shati safi juu ya ovaroli ya matope, akaenda kukaa kwenye ncha ya kiti. "Shikamoo, Mama." Ilikuwa shikamoo ya pili siku ile ile. Mama akaitikia.

"Mama, naomba ruhusa. Nipite chini ya... upande wa... kule unakopumzika."

Nilitegemea Mama atacheka. Hakucheka. "Ni lazima?" akauliza.

"Ni lazima, Mama."

"Basi ngoja nitoke kwanza," akasema. Akachukua fimbo yake, akaenda jikoni. Mlangoni akageuka. "Utakachokikuta huko, mwanangu, unisamehe." Mimi nilidhani anazungumzia uchafu.

Uvungu alikaa huko chini saa nzima. Alipotoka alikuwa anavuta furushi la matambara meusi, yanachuruzika maji. Akanieleza. Boriti tatu zimekwisha, zimebaki jina. Nyingine zote nzima, bisibisi imekataa. Nailoni ya upande wa sebule iko sawa, lakini alikoishia yeye nayo iliishia hapo hapo, ng'ambo ya nguzo ni udongo mtupu. Na matundu manne ya upande wa chumba yote yamezibwa kwa nguo, zimeshindiliwa kwa nje kwa kijiti. Tukazunguka nyuma. Pale Mama alikuwa amepanga makopo yake ya maua, na kila jioni anayamwagilia, na maji yanaingia chini ya nyumba. Nyuma ya makopo ndiyo matundu.

Mimi nikafungua tambara moja. Lilikuwa shati. Nikaligeuza kola, nikaona mshono. Mshono wangu, wa nilipokuwa najifunza, unakwenda kombo kama mlevi. Kola ile niliigeuza mimi ilipochakaa, ya shati la Baba.

Baba alifariki miaka tisa iliyopita. Nikafungua la pili, la tatu. Yalikuwa kumi na moja, na yote nayajua.

"Shemeji," Uvungu akasema kwa sauti ya chini, "hili lisitoke hapa. Boriti tatu nabadilisha kwa siku kumi, natandika nailoni, naondoa maji, nafungua matundu, nyumba inasimama miaka mingine thelathini. Lakini kaka yako akijua Mama ndiye aliyeziba, atasema akili imemhama, hafai kukaa hapa. Atamchukua, na atakuwa na hoja."

"Sasa utasemaje?"

"Nitajua la kusema."

Hakulijua. Huyo mtu hajawahi kusema uongo hata wa kumsifia dada mapishi.

Jumamosi gari la mizigo likafika na vijana wawili wa kupakia, Kaka akashuka mbele. Dada yangu naye alikuwepo. Majirani wakajaza uzio, na nusu yao ni wateja wa Uvungu. Uvungu akasimama katikati ya uwanja.

"Kaka, nyumba inatengenezeka," akasema. "Boriti tatu tu. Na kosa ni langu. Upande ule sikuukagua miaka yote. Na matundu... matundu niliyaziba mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Fundi mzima! Unayewahubiria watu mtaa mzima wafungue matundu, kwa mama mkwe wako unaziba?" Kaka akapandisha sauti. Akamwita tapeli. Akasema kama fundi mwenyewe ndiye aliyeharibu, nani mwenye akili atamwachia atengeneze? Akawaambia vijana waingie, waanze na kabati. Nikaona mwenye duka anamnong'oneza mkewe, na wiki ile ile Uvungu alikuwa aanze kazi chini ya duka lake. Jina alilolijenga kwa tumbo na viwiko linabomoka mbele ya macho yangu. Nikafungua mdomo. Uvungu akanitazama, nikaufunga. Sijawahi kuufunga kwa shida namna ile.

Mama akatokea barazani na fimbo yake.

"Nani kaziba?"

"Ni mimi, Mama," Uvungu akasema, anatazama miguu.

"Muongo. Hata kudanganya hujui, unatazama chini kama umeangusha bisibisi." Akamgeukia Kaka. "Nimeziba mimi. Kwa mkono wangu, na akili zangu timamu. Waambie hao watoto waache kabati langu."

Vijana wakaliacha kabati.

"Baba yenu alipoondoka mlisema nguo zigawiwe," Mama akasema. "Mlisema vizuri, ndivyo watu wanavyofanya. Lakini mimi ningeziona zikipita hapa barabarani kwenye mabega ya watu, ningeweza? Kuzichoma nikashindwa. Kuziweka kabatini, kila nikifungua ni kilio. Na upepo kule chini ulikuwa unapiga mluzi usiku, unapenya kwenye mbao. Baba yenu alikuwa analala upande wa ukuta. Miaka arobaini na moja alilala upande wa ukuta, ananizibia upepo. Nikasema basi, aendelee kunizibia." Akapangusa macho kwa ncha ya kanga. "Si mnasema usipoziba ufa utajenga ukuta? Mimi nimeziba, na sakafu imenishinda. Lakini sijaingiwa na wazimu. Nilimkosa mume wangu tu."

Kaka akanigeukia. Akaniuliza mashati yako wapi. Nilikuwa nimeyafua mara tatu na kuyaanika nyuma, kwenye kamba. Akaenda. Nilimwona ameshika la bluu, lile Baba alilovaa akimsindikiza Kaka kuanza shule ya bweni. Alisimama pale kama mtu anayesubiri kuitwa. Aliporudi alikuwa ameshavua koti.

"Uvungu," akasema, "nionyeshe hizo boriti."

"Utachafuka, Kaka."

"Nionyeshe."

Jamani! Tumbo la ofisini na kimlango cha jikoni havikuwahi kutambulishwa. Kaka aliingia mpaka kiunoni, akakwama. Haendi, harudi. Uvungu yuko ndani anavuta mikono, mimi na dada tuko nje tunasukuma makalio, vijana wa gari wamekaa chini kwa kicheko, na Mama barazani anacheka na kukohoa, anakohoa na kucheka, anasema, "Huyo hata kuzaliwa alinisumbua hivyo hivyo!" Mwishowe akapenya. Tukawasikia wakijiburuta huko ndani, tochi inapita kwenye matundu.

"Hii je?" sauti ya Kaka.

"Choma mwenyewe."

"Imekataa."

"Na hii?"

"Imekataa nayo."

Walipotoka, Kaka alikuwa mweusi wa matope mpaka kwenye nyusi. Alimwomba Uvungu radhi pale pale, kwa sauti, uzio mzima usikie, nami nikamgeukia mwenye duka kuhakikisha amesikia. Akavua saa, akabaki. Ile Jumamosi na Jumapili yake alishika msumeno. Gari lililokuja kumchukua Mama liliondoka limebeba boriti tatu zilizooza.

Sakafu ikamalizika ndani ya siku kumi, kama alivyosema. Makopo ya maua yakahamia kando ya njia. Kikohozi kikaisha kabla ya mvua kuisha. Yale mashati niliyakata, nikashona mto mmoja mrefu, urefu wa kitanda, na Mama ameulaza upande wa ukuta. Nikapachika kola ile ya mshono wa kombo kwenye ncha. Mama alisema mshono wenyewe mbaya, akaukumbatia.

Na Uvungu siku hizi anakagua kila mwezi, nyumba nzima. Ila akifika nguzo ya tano anasimama. Anagonga boriti mara tatu kwa kishikio cha bisibisi, anasema, "Hodi, Mama." Na Mama akiwa kitandani au kitini anagonga sakafu kwa fimbo: "Karibu, mwanangu. Pita." Ndipo anapita.

Mwezi uliopita aliingia baada ya chakula cha mchana. Nikasikia hodi, sikusikia jibu. Nikaendelea kushona. Nusu saa, kimya. Nikachungulia chumbani, Mama amelala fofofo, mkono juu ya mto wake. Nikaenda kwenye kimlango nikainama, nikamwona kwa mbali amelala chali kwenye nailoni, tochi ameizima, bisibisi kifuani.

"Shemeji! Kalala. Pita tu, hakuoni."

"Hajanikaribisha," akanijibu kwa kunong'ona. "Na wewe punguza sauti, utamwamsha."

Nikarudi kwenye cherehani, lakini sikuikanyaga. Tukamsubiri Mama aamke, mimi juu, yeye chini.